Je, wajua? Buluu ya barafu haitoki angani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuta za barafu wanazotembelea watalii kwa meli huko Alaska ni za buluu kwa sababu zinaakisi anga na bahari. Juu buluu, chini buluu, basi na barafu iliyo katikati iwe hivyo hivyo. Kisha nikaona picha ya Glacier Bay, ghuba ya huko Alaska, iliyopigwa siku ya mawingu mazito. Anga kijivu, maji kijivu, na katikati yake ukuta wa barafu wa buluu iliyokolea! Hapakuwa na buluu yoyote ya kuakisiwa. Isitoshe, theluji iliyolala juu ya ukuta huohuo, chini ya anga hilohilo, ilikuwa nyeupe pe.

Ghuba hiyo yenyewe ni ajabu. Mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver uliikuta karibu yote imejaa barafu. Mtaalamu wa mazingira asilia John Muir alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita na kuacha hori ndefu kati ya milima, ambako sili hupumzika juu ya vipande vinavyoelea.

Turudi kwenye rangi. Chukua kioo cha dirisha. Ukitazama kupitia uso wake, huoni rangi yoyote. Kitazame sasa ubavuni, kwenye ukingo uliokatwa: ni kijani. Kioo ni kilekile, ila nuru imesafiri ndani yake mbali zaidi, na upungufu mdogo usioonekana kwenye milimita chache umejumlika. Sasa kisage kioo hicho. Unapata unga mweupe, kwa sababu nuru hugonga kingo za chembe nyingi na kurudishwa kabla haijaingia ndani sana.

Theluji ni ule unga. Barafu ya mto wa barafu, yaani barafu kubwa inayosonga polepole na kuishia kwenye ukuta kama ule wa pichani, ni kile kioo kinachotazamwa ubavuni. Theluji ya miaka mingi hulaliana, uzito hukamua hewa, na ikifikia takriban kilo 830 kwa mita moja ya ujazo, mianya huwa imeshajifunga na kubaki viputo tu. Nuru sasa inaweza kupenya mita kadhaa. Njiani, mitikisiko ya molekuli za maji hunyakua nyekundu kidogo kidogo, huku buluu ikipita karibu salama. Kipande cha barafu cha friji ni kidogo mno kuonyesha tofauti hiyo.

Lakini buluu si cheti cha umri. Barafu ya zamani yenye viputo vingi huonekana nyeupe, na iliyobeba changarawe huwa na mistari myeusi.

Ukuta ukimeguka, sehemu iliyofunuliwa huwa na buluu kali kuliko zote. Baadaye jua na hewa huipasua nyufa ndogo ndogo, nuru huanza tena kurudishwa mapema, na weupe hurejea. Ndiyo maana ukiwa kwenye sitaha mbele ya Margerie, mmoja wa mito ya barafu ya Glacier Bay, doa lenye buluu kali huenda ndipo kipande kilipoanguka karibuni.