Kisa husimuliwa kabla sheria haijatajwa

Wengi wakisoma hukumu huruka maelezo ya shauri, yaani sehemu inayosimulia kilichotokea, na kukimbilia hoja za kisheria. Mimi maelezo hayo huyasoma mara mbili, kwa kuwa mara nyingi mshindi ameshajulikana pale pale.

Jaji hatungi ushahidi. Ana mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, wenye mamia ya kurasa, naye anatakiwa kuupunguza hadi aya chache. Hana budi kuchagua kisa kianzie wapi, nani atajwe kwa jina, kipi kielezwe kwa kina na kipi kipitwe.

Chukua Palsgraf dhidi ya kampuni ya reli ya Long Island, Mahakama ya Rufani ya New York, 1928. Wafanyakazi wa reli walimsaidia abiria kudandia treni iliyokuwa imeanza kuondoka. Kifurushi chake kikaanguka, kumbe ndani mna fataki. Zikalipuka, mizani ikamwangukia mama aliyekuwa kwenye jukwaa la stesheni. Cardozo, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alisema mizani ilikuwa upande wa pili wa jukwaa, "futi nyingi" kutoka hapo. Ngapi? Hakusema. Andrews, katika hukumu yake pinzani, alikiri kwamba kumbukumbu za shauri hazionyeshi umbali kamili, akakadiria futi 25 au 30, pengine pungufu. Ushahidi ni ule ule. Lakini swali lilikuwa kama kampuni iliwajibika kwa mtu aliyekuwa mbali na tukio, hivyo maneno "futi nyingi" yalikuwa yamekwisha kulijibu nusu. Cardozo pia hakugusia kwamba mama yule alikuwa na binti zake. Amebaki "mdai", basi.

Mahali pa kuanzia nako kuna nguvu zake. Katika Miller dhidi ya Jackson, Uingereza, 1977, Lord Denning alifungua na raha ya kriketi ya kijijini wakati wa kiangazi, na uwanja uliochezewa miaka 70. Mwenye nyumba anayelalamikia mipira akaingia baadaye, kama mgeni msumbufu. Anza na familia inayoogopa kukaa kwenye bustani yake, uone huruma inavyohama. Majaji wenzake wawili waliona kero ya kisheria ipo, yeye hakuiona.

Kiswahili kina mtego wake hapa: kauli ya kutendeka. "Kioo kilivunjika" hakina mvunjaji. "Kioo kilivunjwa" kinamkubali ila kinamficha. "Mshtakiwa alivunja kioo" kimeshamtia hatiani. Mwandishi makini hutumia sentensi ya tatu baada tu ya kueleza ni ushahidi upi uliomfikisha hapo. Kabla ya hapo huandika "shahidi wa pili alidai kwamba". Na "alidai" si "alieleza", maana neno la kwanza tayari linanusa mashaka.

Ukitaka kuikagua hukumu, uwe na mwenendo wa shauri mkononi. Andika mambo matatu ambayo upande ulioshindwa uliyategemea zaidi, kisha uyatafute kwenye maelezo ya jaji. Likikosekana moja bila sababu, wakili wa rufaa ameshapata pa kuanzia: ushahidi muhimu haukuzingatiwa. Kasoro hii huzaliwa hasa jaji anapoamua kwanza, kisha akarudi nyuma kuandika maelezo ya shauri. Kila kisichoelekea kwenye uamuzi huonekana hakina uzito. Dawa ninayoiamini ni kuandika maelezo hayo mapema, pamoja na jambo gumu kuliko yote kwa upande utakaoshinda, na namba ya ukurasa wa ushahidi mbele ya kila dai.