Je, wajua? Fedha huingiaje kwenye kadi yako wakati aliyetuma haijui akaunti yako

Mpwa wangu amepanga chumba Nkuhungu, hapa Dodoma. Usiku anasikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika kwa ajili ya kampuni moja ya nje. Ijumaa moja tulikuwa Soko la Majengo, yeye kainamia nyanya, meseji ya benki ikaingia: shilingi 148,300 zimewekwa kwenye akaunti yake. Akaziacha nyanya.

"Mjomba, hawa watu sijawahi kuwapa namba ya akaunti. Niliwapa ya kadi tu. Wamepitia wapi?"

Swali lake lina haki. Wengi wetu kadi ya benki tunaijua kwa kazi moja, kutoa. Unaichomeka kwenye ATM, zinatoka. Unaigusisha kwenye mashine ya supamaketi, zinatoka. Kwamba mlango huohuo unaweza kuingiza, hilo hatujalizoea.

Anza na safari ya kawaida. Ukilipa dukani, mashine hutuma ujumbe kwa benki inayomhudumia mwenye duka. Benki hiyo huupeleka kwenye mtandao wa kadi, tuseme Visa au Mastercard, nao huufikisha kwenye benki yako ukiuliza: huyu anakatwa elfu ishirini, anazo? Benki yako inajibu, mashine inatoa risiti, na yote hayo yamechukua sekunde chache. Malipo ya kampuni ya mpwa wangu yalipita barabara hiyohiyo, isipokuwa ujumbe ulisema kinyume: huyu muongezee. Visa huduma hiyo wanaiita Visa Direct, na Mastercard waliianza kwa jina la Mastercard Send.

Barabara kurudi nyuma si jambo jipya. Ukirudisha shati dukani, fedha yako hurudi kadini hivyohivyo. Ila marejesho ni mtoto wa manunuzi: lazima kwanza uwe umenunua. Malipo haya mapya hayahitaji mzazi. Kampuni ya bima inaweza kumlipa mteja fidia, au kampuni ya usafiri ikampa dereva chake cha siku, hata kama mtu huyo hajawahi kununua kwao hata kiberiti.

Na akaunti? Hapo ndipo namba ya kadi inapofanya kazi ambayo hatuioni. Tarakimu za mwanzo si zako, ni za benki. Ikianza na 4, ni Visa. Zamani tarakimu sita za kwanza ndizo zilizotambulisha benki iliyotoa kadi. Kuanzia 2022 mitandao imehamia kwenye nane, maana zile za sita zilianza kuwa chache. Mtandao ukizisoma unajua ugonge mlango wa nani. Zinazofuata zinakutambulisha wewe ndani ya benki hiyo, na benki peke yake ndiyo yenye daftari linalosema kadi hii imefungwa kwenye akaunti ile. Kwa hiyo waliotuma hawakuijua akaunti ya mpwa wangu, na mpaka leo hawaijui.

Tarakimu ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni mlinzi. Hesabu yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeiombea hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, mwaka 1954. Chukua 4111 1111 1111 1111, namba ya majaribio ambayo watengenezaji wa programu wameitumia mpaka imechoka. Ukianzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ukiruka moja moja hivyo mpaka mwisho. Ile 4 inakuwa 8, na zile 1 saba zinakuwa 2 kila moja, yaani 14. Jumla 22. Ongeza 1 nane ulizoziruka, unapata 30. Inagawanyika kwa kumi, namba imepita. (Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, unatoa 9 kwanza.) Sasa kosea tarakimu moja tu, andika 2 mwishoni badala ya 1: jumla inakuwa 31, na fomu inakukatalia kabla hata benki haijasumbuliwa. Hukamata pia karibu kila mara unapogeuza tarakimu mbili jirani, isipokuwa 09 ukiiandika 90. Hiyo inampita.

Kitu ambacho watu hawakiamini nikiwaambia ni hiki: meseji ya mpwa wangu ilipoingia, huenda fedha yenyewe ilikuwa haijafika benki. Kilichosafiri kwa sekunde ni ujumbe. Benki yake ilikubali, ikamwandikia salio, ikijua mtandao wa kadi utailipa baadaye, kwenye hesabu za mafungu. Majengo palepale utaona jambo hilohilo. Wenye maduka wawili wanakopeshana bidhaa kutwa nzima. Jioni mmoja anamdai mwenzake 70,000, naye anadaiwa 50,000. Hakuna anayehesabu noti zote hizo. Zinatoka 20,000 za tofauti, wanafunga milango. Mabenki nayo hukaa hivyo, ila daftari lao ni kubwa na mtandao ndio mwandishi.

Ndiyo maana muda hautabiriki kama matangazo yanavyodai. Visa huzungumzia ndani ya dakika 30 kwa benki zinazotoa fedha papo hapo, lakini benki inayopokea ndiyo yenye neno la mwisho, na iliyo nzito inaweza kukuweka siku moja au mbili za kazi. Kuna kadi nyingine hazipokei kabisa, maana benki haijafungua huduma hiyo. Na kama mtumaji yuko kwenye dola na akaunti yako ni ya shilingi, kuna kubadilisha fedha katikati, na hapo panamegeka kidogo. Mtumaji ndiye hulipia huduma. Kumega huku hakukuandikii mtu risiti.

Bado kampuni zinaipenda. Njia ya zamani ya benki kwa benki ya nje inataka jina la tawi, msimbo wa benki, namba ya akaunti isiyokosewa, kisha fedha ipitie benki za katikati, kila moja ikionja. Kwa malipo madogo kama ya mpwa wangu, mboga ingeishia kwa waonjaji.

Ubaya wa njia hii ya kadi ni kwamba haina breki. Mtumaji akishapata jibu la kukubaliwa, hawezi kuivuta fedha arudishe kama anavyotaka. Yule mlinzi wa mwisho anakamata namba iliyokosewa. Namba sahihi ya mtu mwingine anaipigia saluti. Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri malipo wiki mbili kwa sababu benki ilinibadilishia kadi iliyokwisha muda, namba ikabadilika, nami sikumwambia mlipaji. Fedha ilikwenda, haikumkuta mwenyewe, ikarudi ilikotoka.

Kupokea hakuhitaji namba yako ya siri, hata siku moja. Kampuni inaweza kukuomba namba ya kadi, tarehe ya kwisha muda, pengine na zile tarakimu tatu za nyuma mara moja wakati wa kujisajili, kuhakikisha kadi ni yako. Anayekupigia akisema "nitajie namba ya siri nikuwekee fedha", huyo amekuja kutoa.

Haya yote nilikuwa namweleza mpwa wangu huku amekumbatia sado ya nyanya. Muuza nyanya alitusikiliza kwa uvumilivu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Hiyo kadi yenu mimi sina mashine yake, baba. Nirushieni kwenye simu."

Mpwa wangu akafungua programu ya benki, akahamisha elfu nane kwenda kwenye simu yake, akamrushia mama yule na ya kutolea juu.