Je, wajua kwa nini mwanasheria wa Kijerumani aliandika kuhusu sheria ya anga kabla ya kuwapo kwa safari za abiria?

Mwaka 1909, kabla ya shirika lolote kuanza kusafirisha abiria kwa ndege, mwanasheria Alex Meyer, aliyezaliwa mwaka 1879, alichapisha huko Frankfurt kitabu kuhusu masuala ya kisheria ambayo yangezuka binadamu akianza kuitumia anga. Kwa nini hakusubiri?

Hakusubiri kwa sababu migogoro ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1908 pekee, maputo ya Kijerumani yasiyopungua 10 yalivuka mpaka na kutua Ufaransa, na wengi wa waliokuwamo walikuwa maofisa wa jeshi. Puto halina usukani, hufuata upepo uendako. Je, ofisa aliyetua katika shamba la Mfaransa alikuwa msafiri aliyepotea, au mpelelezi? Na mwenye shamba, ambaye mazao yake yamekanyagwa, amdai nani? Ufaransa iliitisha mkutano wa kimataifa mjini Paris mwaka 1910, lakini ulivunjika bila mkataba, kwa kuwa wajumbe hawakuafikiana iwapo dola ina haki ya kuvizuia vyombo vya kigeni kupita juu ya nchi yake.

Ndani ya Ujerumani kwenyewe, kifungu cha 905 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia, kilichoanza kutumika mwaka 1900, kilisema kwamba haki ya mwenye ardhi hupanda hadi anga iliyo juu yake, ila hawezi kuzuia jambo linalofanyika juu mno kiasi cha kutogusa maslahi yake. Kifungu hicho kilifungua njia kwa vyombo vya angani, lakini hakikusema nani alipe chombo kikianguka juu ya paa la mtu. Jibu lilikuja katika sheria ya mwaka 1922: mwenye chombo humlipa fidia aliyedhurika ardhini hata kama hakufanya uzembe wowote. Naiona kuwa ni haki kabisa, maana aliye chini hana namna ya kujikinga.

Mwaka 1951, akiwa amepita umri wa miaka 70, Meyer aliifufua mjini Köln taasisi ya sheria ya anga ambayo asili yake ilikuwa Königsberg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, ilikoanzishwa mwaka 1925. Mwaka uliofuata, katika kongamano la wataalamu wa anga za juu mjini Stuttgart, aliwasilisha mada kuhusu matatizo ya kisheria ya safari za anga za juu, miaka mitano kabla ya Wasovieti kurusha setelaiti ya kwanza, Sputnik. Kwa mara ya pili maishani mwake, alikuwa ameuliza swali la kisheria kabla safari zenyewe hazijawa jambo la kawaida.

Meyer alifariki mwaka 1978, zaidi ya miaka kumi baada ya mkataba wa mwaka 1967 kukataza dola yoyote kujimilikisha anga za juu. Mkataba huo, hata hivyo, haukutaja ni kimo gani ambapo anga ya nchi huishia na anga za juu huanzia, na hadi leo mataifa hayajakubaliana juu ya mpaka huo.