Kompyuta si mganga wala si mchawi: dhana potofu tunazozisikia Mwanza

Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha wazazi wa shule ya sekondari, iwe Nyamagana, Ilemela au ng'ambo ya ghuba huko Sengerema, atakuwa amesikia kauli mbili zinazopingana. Mzazi mmoja husimama na kudai kwamba shule ikiletewa kompyuta ufaulu utapanda mwaka huohuo. Mwingine hujibu kwamba kompyuta na simu ndizo zinazowaharibu watoto, na kwamba zamani watu walisoma kwa koroboi wakawa madaktari. Wawili hawa hudhani kwamba wanatofautiana, lakini wote wanaiona mashine kuwa kitu chenye nia na uwezo wake chenyewe, kinachoponya au kinachoroga bila mkono wa mtu. Dhana nyingi potofu kuhusu kompyuta zinaota kwenye mzizi huo.

Tuanze na matumaini, kwa sababu ndiyo yaliyotugharimu zaidi. Niliwahi kufundisha katika shule moja ambayo sitaitaja, na siku moja ikapokea kompyuta ishirini za msaada. Zilipangwa vizuri katika chumba chenye nondo madirishani, zikafunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa kwa ajili hiyo, na ufunguo ukakabidhiwa kwa makamu mkuu wa shule. Aliyeingia alivua viatu kama anayeingia msikitini. Kwa kuwa hapakuwa na mwalimu aliyeajiriwa kufundisha somo hilo, na kwa kuwa kila mmoja wetu aliogopa kuwa ndiye atakayeulizwa kitu kikiharibika, somo la kompyuta lilifundishwa ubaoni: wanafunzi walichora kibodi kwenye madaftari, wakakariri majina ya sehemu zake, na wengi wao wakamaliza kidato cha nne bila kubonyeza kitufe hata kimoja. Katika taarifa za shule, hata hivyo, tulihesabiwa kuwa shule yenye kompyuta.

Ukweli ni kwamba kuwapo kwa kompyuta hakufundishi mtu, na jambo hili limepimwa. Nchini Peru, watafiti walilinganisha shule za msingi 319 za vijijini, baadhi zikiwa zimepewa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child na nyingine zikiwa hazijapewa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watoto walizitumia sana, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Anayeichukia teknolojia asishangilie mapema, kwa maana kuna ushahidi mwingine, tena wa hapahapa Tanzania. Kuanzia mwaka 2017, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga, ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wakavitumia kwa miezi kumi na mitano. Wengi waliokuwa hawajui herufi walianza kusoma, na mwaka 2019 waundaji wa programu mbili, onebillion na Kitkit School, waligawana tuzo ya dola milioni 10. Vifaa vya Tanga vilikuwa na uwezo mkubwa kuliko vya Peru, lakini tofauti haikuwa hiyo tu. Kilichotofautiana pia ni kilichowekwa ndani yake: Tanga mtoto aliongozwa hatua kwa hatua kwa lugha anayoisikia kila siku, na programu ilimsubiri mpaka aelewe.

Nayasema haya nikikumbuka vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye serikali iliwagawia walimu. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana kifaa kilichonunuliwa kuhesabu watu kilipata kazi ya pili badala ya kuozea ghalani. Lakini swali la kumuuliza mwalimu si kama anacho kishikwambi. Ni somo gani alilifundisha kwacho wiki iliyopita.

Suala la lugha linanileta kwenye dhana ya pili, nayo inashikiliwa hata na wasomi, kwamba kompyuta ni mali ya Kiingereza na asiyekijua Kiingereza asijisumbue. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili, na tangu hapo simu nyingi zinazouzwa nchini zina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Mashine yenyewe haijui Kiingereza wala Kisukuma. Inajua hali mbili za umeme, kuwapo na kutokuwapo, na maneno yote tunayoyaona kwenye kioo yamewekwa na watu. Kinachokosekana ni mazoea. Wengi wetu hununua simu yenye Kiswahili kisha tukaihamishia kwenye Kiingereza tusionekane washamba.

Dhana ya tatu ni ya hatari, na inasikika kila siku kwenye madirisha ya ofisi: "Mfumo umekataa." Mteja akishaambiwa hivyo hunyamaza, kwa kuwa ameamini kwamba kompyuta haikosei. Waingereza waliilipia imani hii kwa machozi. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, ambao mara nyingi ulionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Sheria ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwa kutegemea hesabu hizo zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, baadhi wakafungwa, mpaka Bunge lilipopitisha sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Kompyuta hutekeleza maagizo iliyopewa, na aliyeyaandika ni binadamu anayechoka na kusahau. Agizo likiwa na kosa, mashine italirudia kosa hilo mara elfu moja kwa saa bila kuona haya.

Wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, wanalijua jambo hili kuliko maofisa wengi. Mnunuzi akiwaonyesha ujumbe wa simu unaosema fedha imetumwa, hawaachii gunia mpaka waangalie salio lao wenyewe, kwa sababu ujumbe unaweza kuandikwa na tapeli yeyote. Laiti wanafunzi wetu wangekuwa na tahadhari hiyo mbele ya akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, nimesoma kazi za wanafunzi zenye vitabu visivyowahi kuchapishwa, vimetajwa pamoja na kurasa. Programu ya aina hiyo hupanga maneno kwa kufuata uwezekano wa neno moja kulifuata jingine katika maandishi iliyofunzwa nayo, na sentensi ya uongo inaweza kupangika vizuri kama ya kweli.

Wapo pia wanaosema kwamba vijana hawahitaji kufundishwa kwa kuwa wamezaliwa na teknolojia mikononi. Wazo hili lilipata jina kubwa baada ya Mmarekani Marc Prensky kuliandikia makala mwaka 2001, lakini darasani halisimami. Kijana anayepeleka video mitandaoni kwa dakika moja nimemwona akishindwa kuhifadhi faili mahali atakapolipata kesho, au kutambua kama habari aliyoisambaza ina chanzo. Kuzaliwa kisiwani Ukerewe hakumfanyi mtu ajue kuogelea.

Kuhusu kauli kwamba kompyuta ni kazi ya wavulana, sina haja ya maneno mengi. Mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace, alichapisha mwaka 1843 maelezo ya namna mashine ya kuhesabu ingeweza kupewa maagizo, na ENIAC, kompyuta ya Kimarekani iliyozinduliwa mwaka 1946, ilipangiwa kazi zake na wanawake sita. Msichana anayeambiwa leo aende chumba cha upishi awaachie kaka zake mausi anadanganywa.

Ibaki hofu, ambayo haikuanza na simu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu uliowekwa Wizara ya Fedha kushindwa na kula fedha za kigeni, na wapo wanaoutaja uamuzi huo kama ushahidi kwamba mashine hizi ni balaa. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Hasara ilikuwa ya kweli na hasira ilikuwa halali, ila kilichoshindwa kilikuwa maandalizi: mashine ilitangulia, wataalamu wakafuata kwa mbali, na marufuku hayakuwazalisha wataalamu hao.

Chumba chetu cha nondo kilifuata mkondo uleule. Baada ya karibu miaka minne alikuja mwalimu kijana wa hisabati, akaomba ufunguo kwa maandishi, akafunua vitambaa. Vumbi halikuwa limeingia, viatu tulivivua kwa uaminifu. Lakini kompyuta zilipowashwa, saa zake zilionyesha miaka ambayo sisi tulikuwa bado wanafunzi, kwa sababu betri ndogo ya duara inayotunza saa ndani ya kila moja ilikuwa imekufa kwa kukaa bila umeme. Akaenda mjini kununua betri mpya kwa fedha yake mwenyewe, na wiki iliyofuata kidato cha pili waliingia na viatu vyao.