Si Kila Maumivu ya Kukojoa ni UTI

Wanawake wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia maumivu wakati wa kukojoa huwa wamekwisha kujipa jina la ugonjwa kabla hawajaketi. "Daktari, UTI yangu imerudi," husema, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi wamekwisha kumeza vidonge viwili vitatu vya antibiotiki vilivyobaki kwenye dozi ya zamani. Hakuna dhana inayonisikitisha kama hii.

Ni kweli kwamba maambukizi ya kibofu ndiyo chanzo cha kawaida, na bakteria wa E. koli ndiye mhusika mkuu. Hata hivyo, magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono pia huvimbisha mrija wa mkojo, ilhali fangasi, trikomonasi (vimelea vya zinaa) na malengelenge ya sehemu za siri huchubua mashavu ya uke, kiasi kwamba mkojo unapoyagusa mwanamke huhisi moto ingawa kibofu chake ni kizima. Aliyekoma hedhi huweza kuungua vivyo hivyo kwa sababu homoni ya kike ya estrojeni imepungua na utando wa uke umekuwa mkavu na mwembamba. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni wapi hasa panapouma: ndani, pamoja na haja ya kwenda chooni kila mara, au nje, pamoja na muwasho na uchafu usio wa kawaida ukeni?

Vidonge hivyo viwili vitatu vina madhara mawili. Hupunguza bakteria bila kuwamaliza, hivyo mkojo ukioteshwa maabara ili bakteria wakue na kuonekana, huenda usioteshe kitu, na wanaosalia huweza kuwa sugu. Mwenye klamidia naye, ambayo haioti katika kipimo hicho cha kawaida, hutibiwa UTI mara ya pili na ya tatu huku maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi, ambako yanaweza kuleta ugumba.

Wapo wanaolaumu choo kichafu. Bakteria wengi wa UTI hutoka kwenye utumbo wa mwanamke mwenyewe, nao huwa na safari fupi, kwani mrija wake wa mkojo una urefu wa takriban sentimita 4 tu.

Kuosha ndani ya uke kwa sabuni hakukingi chochote. Huua bakteria walinzi, nami nakataza jambo hilo kabisa. Kunywa maji mengi kunasaidia, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu, na mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda figo zimeguswa. Mjamzito asisubiri hata kidogo. Kwake, bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata pasipo maumivu.

Kabla ya kumeza chochote, peleka mkojo ukapimwe: acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati katika chombo safi ulichopewa, na ukabidhi maabara bila kuchelewa.