Je, wajua kwa nini taa ya nyuma huzimika dereva anapokanyaga breki?

Jioni kwenye foleni ya Mwenge hapa Dar, angalia migongo ya magari yaliyo mbele yako. Si ajabu ukaliona moja lenye kituko hiki: taa nyekundu za nyuma zinawaka zote mbili vizuri tu, lakini dereva akikanyaga breki, ya kulia inakolea na ya kushoto inafifia mpaka karibu kuzima. Ukikaza macho utaona na indiketa ya upande huohuo inatoa mwanga hafifu, ingawa hakuna aliyeiwasha.

Wengi watakwambia globu imeungua. Globu ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni njia ya umeme kurudi.

Gari dogo lina betri ya volti 12, na injini ikiwaka alternata (mashine ya kuzalisha umeme wa gari) huupandisha umeme mpaka volti 14 hivi. Umeme hutoka kwenye chanya ya betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi (swichi ya breki iko pale juu ya pedali), kisha ukaingia kwenye globu. Lakini hauishii hapo. Lazima urudi kwenye hasi ya betri, la sivyo hakuna kitakachowaka. Kwa kuwa bodi ya gari ni chuma, na imeunganishwa na hasi ya betri, watengenezaji huitumia bodi yenyewe kuwa njia ya kurudia. Kila taa hupewa waya mfupi tu unaofungwa kwa bolti kwenye bati la karibu. Waya huo ndio mafundi umeme wanauita ethi.

Sasa fungua buti utazame nyuma ya taa. Katika magari mengi, taa ndogo (ile nyekundu ya usiku), breki, indiketa na taa ya rivasi za upande mmoja zote zinategemea ethi moja. Kwenye Toyota mara nyingi ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Chomoa globu ya breki uishike mkononi: ndani ya kioo kuna nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ndogo na mwingine wa wati 21 kwa breki. Kila uzi una mlango wake wa kuingizia umeme, lakini wa kutokea ni mmoja.

Ethi hiyo ikiliwa na kutu, umeme haukati tamaa. Kama watu wa Kigamboni siku pantoni likisimama, unazunguka. Gari likiwa limewashwa taa ndogo peke yake, umeme unapita kwenye uzi wa wati 5, unakuta njia ya ethi imeziba, unarudi kinyumenyume kupitia uzi wa breki, unafuata waya wa breki mpaka taa ya upande wa pili, na huko ndiko unakopata ethi nzima. Uzi wa wati 21 hauzuii umeme sana ukilinganisha na ule wa wati 5, kwa hiyo taa ndogo inawaka karibu kama kawaida. Ndiyo maana unaweza kuendesha gari wiki nzima usiku bila kushuku lolote.

Kisha ukanyage breki. Ule waya wa breki, uliokuwa njia ya kurudia, sasa nao unaleta umeme wa chanya. Uzi wa taa ndogo una chanya huku na chanya kule, na pasipo na tofauti ya volti umeme hautembei. Njia iliyobaki ni kama ile ya kupitia uzi wa indiketa kwenda mpaka indiketa ya mbele, na volti zinagawanywa njiani kwa globu zote hizo. Ndipo unapouona ule mwanga hafifu. Kwa dereva aliye nyuma hili ni jambo la hatari sana, maana unapopunguza mwendo, taa yako inamwonyesha kinyume.

Hapa Dar tatizo hili lina pa kulelewa. Hewa ya bahari ina chumvi, mvua za masika zinapenya kwenye raba za taa zilizochoka, na magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika miaka mingi. Mtu anakwenda kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani kununua globu mpya, anafunga, kituko kiko palepale, anarudi kununua nyingine. Mbaya zaidi ni anayeshauriwa aweke fyuzi kubwa. Fyuzi ipo kulinda waya usiungue; kuitoa ya ampea 10, ile nyekundu, ukaweka ya 20 ya njano hakurudishi ethi, kunaondoa ulinzi.

Kupima ni rahisi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti, waya mmoja ushike hasi ya betri, mwingine uguse ethi pale kwenye taa, na mwenzako akanyage breki. Ikisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikisoma volti moja, mbili au zaidi, volti hizo zinapotelea njiani. Na upungufu mdogo unaonekana: globu ya uzi ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Fungua bolti, piga msasa bati na kichwa cha waya mpaka ving'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu kuzuia maji.

Huna mita? Chukua kipande cha waya, uunganishe ethi ya taa na chuma kisafi ndani ya buti. Taa ikirudi hali yake papo hapo, umepata jibu. Kama taa zako ziko kwenye mlango wa nyuma, anza kukagua pale kwenye bomba la raba karibu na bawaba. Waya hujikunja hapo kila mlango unapofunguliwa, na mara nyingi hukatikia ndani ya raba bila kuonekana.