Je, Wajua Kwa Nini Mgeni Nchini Marekani Hutarajiwa Kutoa Bakshishi Hata Baada ya Kulipa Bili?

Msafiri anayetoka Afrika Mashariki kwenda kutembea Marekani si mgeni wa bakshishi. Hata kwetu mhudumu aliyetuhudumia vizuri huachiwa chenji, na waongoza watalii wa Serengeti na Maasai Mara huitegemea sana, hasa kutoka kwa Wamarekani wenyewe. Kinachomshangaza msafiri huyo akifika New York au Chicago ni uzito wa jambo lenyewe: kwamba bakshishi imepangiwa asilimia, kwamba hutolewa hata pale huduma ilipokuwa ya kawaida tu, na kwamba mteja asiyeitoa huhesabiwa kuwa ameondoka bila kumaliza kulipa. Je, mazoea haya yametoka wapi, na mgeni afanyeje?

Jibu limo katika sheria ya mishahara. Sheria ya shirikisho nchini Marekani imeweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu Julai 2009. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri wa mfanyakazi anayepokea bakshishi kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, kwa sharti kwamba fedha za wateja zitaziba pengo la dola 5.12 linalobaki, na zisipotosha, mwajiri anawajibika kulijazia. Kiwango hicho cha dola 2.13 kilianza mwaka 1991, kikiwa nusu ya kima cha chini cha wakati huo, yaani dola 4.25. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliongeza kima cha jumla lakini likakiacha cha wapokea bakshishi palepale, na hadi leo hakijasogea hata senti moja. Kwa hiyo mteja anayeacha fedha mezani katika mkahawa wa Texas au Georgia hampi mhudumu zawadi juu ya mshahara, bali anamlipa sehemu kubwa ya mshahara wenyewe.

Desturi yenyewe haikuzaliwa Marekani. Ililetwa kutoka Ulaya na Wamarekani wenye uwezo waliosafiri huko katika karne ya 19, wakarudi na mtindo wa kuwaachia watumishi fedha kama walivyoona kwa mabwana wa huko. Iliota mizizi kwa sababu ilikuta kundi kubwa la watu ambao waajiri hawakutaka kuwalipa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1865, maelfu ya Wamarekani weusi waliingia katika soko la ajira bila ardhi wala mtaji, na kazi walizofunguliwa zilikuwa za utumishi: kubeba mizigo, kuhudumu mezani, kunyoa, kung'arisha viatu.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1867. Kampuni hiyo iliwaajiri wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, kuwatandikia abiria vitanda, kuwabebea mizigo na kuwang'arishia viatu usiku kucha wakiwa safarini. Iliwalipa kidogo kwa makusudi, ikijua kwamba abiria wangemalizia, na abiria wengi walikuwa wakimwita kila mmoja wao "George", kwa jina la tajiri wao, kana kwamba hakuwa na jina lake mwenyewe. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea sarafu ya abiria hana budi kutabasamu hata anapotukanwa, na hilo ndilo lililowaudhi wafanyakazi hao kuliko uchache wa fedha. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wafanyakazi chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na mwaka 1937, baada ya mvutano wa miaka 12, wakapata mkataba wa kwanza na kampuni hiyo.

Si Wamarekani wote walioipenda desturi hii. Wako walioiona kuwa ni tabia ya mabwana na watwana isiyofaa katika jamhuri, na majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuipiga marufuku, kuanzia Washington mwaka 1909 na kufuatiwa na mengine kama Mississippi, Arkansas, Iowa na Tennessee. Sheria hizo hazikutekelezeka, na kufikia mwaka 1926 zote zilikuwa zimefutwa. Baadaye, sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipopitishwa mwaka 1938, wafanyakazi wa mikahawa na hoteli waliachwa nje. Walipoingizwa hatimaye mwaka 1966, waliingizwa kwa mlango wa nyuma: mwajiri aliruhusiwa kuzihesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara anaotakiwa kulipa. Hapo ndipo hiari ya mteja ilipogeuzwa kuwa nguzo ya malipo ya mfanyakazi, kwa baraka za serikali.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wenyeji. Majimbo saba, ambayo ni Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayaruhusu mwajiri kuzihesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara, na mhudumu wa huko hulipwa na mwajiri wake kima kamili cha chini cha jimbo. Mtu angetegemea kwamba mgeni wa Los Angeles, Las Vegas au Seattle angeruhusiwa kutoa kidogo zaidi, lakini sivyo ilivyo: asilimia inayotarajiwa ni ileile, kwa sababu desturi ikishakaa haiulizi tena sababu yake. Wenye mikahawa waliojaribu kuiacha nao wamepata shida. Danny Meyer, mmiliki maarufu wa mikahawa ya New York, alitangaza mwaka 2015 kuondoa bakshishi na kupandisha bei za vyakula ili alipe mishahara ya kutosha, lakini mwaka 2020 aliirudisha. Serikali nayo inazidi kuikaza desturi hii, kwani sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inawaruhusu wapokea bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwa mwaka katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028.

Tuje sasa mezani. Katika mkahawa ambao mhudumu huja kuchukua oda na kuleta chakula, bakshishi ya kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20 ya bei ya chakula kabla ya kodi, na katika miji mikubwa asilimia 15 imeanza kuonekana ndogo, hivyo 18 hadi 20 ndiyo salama. Mgeni akumbuke pia kwamba bei za menyu ya Marekani kwa kawaida hazina kodi ya mauzo ndani yake. Tuchukue watu wawili waliokula chakula cha dola 80 jijini New York, ambako kodi hiyo ni asilimia 8.875. Bili italetwa ikiwa na kodi ya dola 7.10, jumla dola 87.10, na wakiongeza bakshishi ya asilimia 20, ambayo ni dola 16, watakuwa wametoa dola 103.10 kwa chakula kilichoandikwa 80. Wenyeji wasiopenda hesabu huchukua ile kodi wakaizidisha mara mbili: hapa watapata dola 14.20, karibu asilimia 18, na kazi imekwisha. Ujanja huo haufai kila mahali, kwani kiwango cha kodi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na Oregon, kwa mfano, haina kodi ya mauzo kabisa.

Namna ya kulipa kwa kadi nayo huwashtua wengi. Katika mikahawa mingi mhudumu huichukua kadi yako, akaondoka nayo hadi kwenye mashine, kisha akarudi na vipande viwili vya risiti pamoja na kalamu. Kimoja ni chako; kingine, ambacho kwa kawaida huandikwa "Merchant Copy", ni cha mkahawa, nacho kina mstari wa "Tip" ambao wewe mwenyewe unaujaza kiasi cha bakshishi, mstari wa "Total" unaoandika jumla mpya, na mahali pa kuweka sahihi. Ukitaka kumwachia noti mkononi au mezani, andika "Cash" kwenye mstari wa bakshishi, ili usibaki wazi. Usishangae benki yako ikikutumia kwanza ujumbe wa dola 87.10 na siku chache baadaye taarifa ya akaunti ikaonyesha 103.10, kwa kuwa kiasi ulichokiandika kwa kalamu huingizwa baada ya wewe kuondoka.

Kabla ya kuandika chochote, isome bili mstari kwa mstari. Ukiona maneno "Gratuity" au "Service Charge" pamoja na kiasi, huenda bakshishi imekwisha kuongezwa, na mstari ulioachwa wazi chini yake ni wa nyongeza ya hiari tu. Hivi ndivyo hufanyika kwa makundi, mara nyingi kuanzia watu sita, na katika maeneo ya watalii kama Miami Beach mikahawa mingi huongeza asilimia 18 au 20 kwa kila meza, kwa kuwa wageni kutoka nje wamekwisha kupata sifa ya kuondoka bila kuacha kitu. Mtu asiyesoma bili mahali kama hapo hulipa mara mbili, na hakuna atakayemkimbilia kumrudishia. Ada ya lazima ya namna hiyo huenda isimfikie mhudumu yote, na hakuna ubaya kumuuliza kwa upole.

Je, mhudumu akiwa mbaya? Wenyeji wengi hupunguza hadi asilimia 10 na kumweleza meneja kilichotokea. Kutoacha chochote ni kauli kali, na kuacha sarafu tatu nne juu ya meza ni matusi. Kuna sababu nyingine ya kutoharakia adhabu hiyo. Katika mikahawa mingi mhudumu hutakiwa kuwagawia wenzake, wakiwamo wasafisha meza na wahudumu wa baa, na mgawo huo aghalabu hukokotolewa kwa kufuata mauzo ya meza zake, bila kujali alichoachiwa. Meza iliyokula dola 200 ikaondoka mikono mitupu inaweza kumlazimu atoe mgawo huo katika fedha alizopata meza nyingine. Kwa maoni yangu mfumo huu haumtendei haki mhudumu wala mgeni, lakini mgeni anayeugomea kwa kuzuia dola zake 16 hamuumizi aliyeutunga.

Nje ya mkahawa hesabu huwa nyepesi zaidi. Dereva wa teksi hupewa asilimia 15 hadi 20, na programu za usafiri kama Uber hukuuliza baada ya safari. Mhudumu wa baa hupewa dola 1 au 2 kwa kila kinywaji, mchukuzi wa mizigo hotelini dola 1 au 2 kwa kila begi, anayekuletea gari lako kutoka maegesho dola 2 hadi 5, na msusi au kinyozi asilimia 15 hadi 20. Anayesahaulika kuliko wote ni mfanya usafi wa chumba cha hoteli. Huyu huachiwa dola 2 hadi 5 kwa kila usiku, na ni vizuri kuziacha kila asubuhi badala ya kusubiri siku ya kuondoka, kwa kuwa anayesafisha Jumatatu huenda siye atakayesafisha Alhamisi. Fedha hizo ziwekwe juu ya mto pamoja na kikaratasi cha "Thank you", la sivyo atadhani ni zako umezisahau, na hatazigusa.

Wazee wanaokwenda kuwatembelea watoto wao mara nyingi huombewa kiti cha magurudumu katika uwanja wa ndege. Huduma hiyo ni haki ya abiria kisheria na haina malipo, lakini msukuma kiti, ambaye mara nyingi ni kibarua wa kampuni ya nje, kwa kawaida hupewa dola 5 hivi, hasa akiwa amesubiri na mzee katika foleni ndefu ya uhamiaji. Kwa ajili ya siku kama hiyo ni vyema kuwa na noti za dola 1 na 5, nazo si lazima ziwe mpya: zile noti kuukuu ambazo maduka ya kubadilisha fedha ya kwetu huzikataa hupokewa Marekani bila swali.

Siku hizi kumezuka jambo linalowakera Wamarekani wenyewe. Unanunua kahawa au chupa ya maji kwenye kaunta, hakuna aliyekuhudumia mezani, na bado muuzaji anakugeuzia kishikwambi chenye vitufe vya asilimia 18, 20 na 25, wateja wengine wakiwa nyuma yako. Hapo huna deni. Tafuta kitufe cha "No Tip", au cha "Custom" ukipenda kuweka dola moja, ubonyeze na uendelee na safari yako. Migahawa ya vyakula vya haraka kama McDonald's haitarajii bakshishi, wala wahudumu wa ndani ya ndege, wala keshia wa duka la vyakula. Mtumishi wa serikali, awe wa posta, wa hifadhi ya taifa au wa forodha, hapewi fedha taslimu, na anayemnyooshea polisi au ofisa wa uhamiaji noti ya dola 20 kwa nia ya kushukuru anaweza kujikuta akijibu shtaka la rushwa.